Kuzunguka Viwanja Kutoka Shinyanga Hadi Geita

Matembezi ya kuongozwa katika baa za kale ni biashara ya kawaida kwenye miji ya Ulaya. Mtalii hukata tiketi, hupangwa kundini, kisha kiongozi humpitisha baa moja baada ya nyingine akimsimulia nani alikunywa wapi, mwaka gani, na nani alitolewa nje. Kazi ya kiongozi huyo ni nyepesi. George Inn ya Southwark, London, ilijengwa upya 1677 baada ya kuungua. Ye Olde Cheshire Cheese ya Fleet Street ilijengwa upya 1667 baada ya moto mkubwa wa mwaka uliotangulia. Na zote mbili bado zipo pale pale. Kiongozi akisahau tarehe, husoma kibao cha mlangoni.

Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita jambo hili hufanyika bila tiketi na bila kibao, na huitwa kuzunguka viwanja. Kiwanja ni mahali popote panapouzwa kinywaji: baa yenye kaunta, grosari yenye viti vitatu barazani, kilabu cha pombe ya kienyeji, au turubai lililofungwa juu ya miti minne karibu na machimbo. Anayezungushwa ni mgeni: shemeji aliyekuja harusini, mkaguzi wa hesabu kutoka Dodoma, mwalimu aliyehamishiwa kituo kipya, kijana aliyepata kazi mgodini. Anayezungusha ni mwenyeji. Sifa yake kubwa ni kwamba anajulikana kwenye kila kaunta, na mgeni hufurahia sifa hiyo mpaka agundue kwamba kila kaunta ina daftari la madeni.

Tatizo la kwanza ni saa. Siku za kazi, baa hutakiwa zifunguliwe saa 10 jioni, na wakuu wa wilaya hawachoki kulikumbusha jambo hilo. Mwenyeji naye husema mtakutana saa 10. Saa 10 yuko njiani. Saa 11 yupo hapa karibu. Saa 12 simu yake haipatikani, na saa 1 usiku anatokea akiwa amekwishapita kiwanja kimoja peke yake, kwa maelezo kwamba alikwenda kuangalia kama pamefunguliwa. Malalamiko ya aina hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alitembea kutoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akapita Msalala hadi pwani ya ziwa kule Mwanza. Vitabu vyake na vya mwenzake Richard Burton vimejaa manung'uniko kuhusu pombe za vijijini na wapagazi waliogoma kuamka. Wapagazi hawakuandika vitabu, kwa hiyo haijulikani wao walimwonaje mtu anayevuka nchi nzima ya mtama bila kutaka kukaa kitako.

Tatizo la pili ni kutembea kwenyewe. Mji wa Shinyanga ni tambarare na hauchoshi, lakini bodaboda wake hawaamini kwamba mtu mzima anaweza kwenda kwa miguu kwa hiari. Kundi la watu wanne wanaotembea polepole huku wakinyoosha vidole kwenye majengo husindikizwa na pikipiki nne, kila moja ikiuliza kama wamepotea. Kiangazi ni vumbi. Masika ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ambao hujishikiza kwenye soli na kuendelea kuongezeka kila hatua, hivi kwamba mgeni aliyetoka nyumba ya wageni na viatu vyepesi hufika kiwanja cha pili akiwa mrefu kuliko alivyoondoka. Wenyeji huvaa kandambili na kuzibeba mkononi panapobidi.

Ziara yenye mpangilio huanzia stesheni. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, na pamba, maduka na kiu vikasogea karibu na mataruma. Hapa ndipo mgeni huanza kuelewa ugumu wa somo. "Hapa palikuwa na baa," husema mwenyeji, akionyesha duka la dawa za mifugo. Hatua hamsini mbele: "Na hapa." Ni kinyozi. Mtaa unaofuata palikuwa na baa mbili zilizotazamana. Moja ni kanisa na nyingine ni wakala wa fedha za simu. Baa za kale za mji huu ni nyingi sana, ila karibu zote zimeacha kazi hiyo. Katika ukanda huu kinywaji hufuata fedha, na fedha haijawahi kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kupata kibao cha mlangoni.

Zile zilizobaki hubadili jina kila zinapobadili mwenyewe. Mwenyeji hutumia jina la enzi ya mwenye baa wa tatu nyuma, mhudumu hutumia jina lililo kwenye leseni, na bodaboda hutumia jina la mtu aliyewahi kupigana pale. Kundi likigawanyika, ni kawaida nusu moja kusubiri upande mmoja wa ukuta na nusu nyingine upande wa pili wa ukuta huo huo, zikilaumiana kwa simu.

Sehemu ya sheria hutolewa na mwenyeji akiwa bado timamu, na inastahili kusikilizwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini ya ikweta, na Shinyanga iko katikati kabisa ya ukanda huo, isipate hata pembe ya kujipenyeza. Baada ya Uhuru, Sheria ya Moshi ya 1966 ilishughulikia gongo, na Sheria ya Vileo ya 1968 ikaweka utaratibu wa leseni na saa. Ikifika zamu ya gongo, mwenyeji hushusha sauti na kutamka kwamba ziara haipiti huko, kwa kuwa ni kinyume cha sheria. Kisha hueleza, kwa ajili ya elimu tu, kwamba ni njia ya pili kushoto baada ya mwembe, na kwamba mbwa wa pale haumi mchana.

Kilabu cha kienyeji ndicho kituo chenye mambo mengi zaidi, na mgeni mwenye haraka akipite kwa hasara yake. Pombe ya nafaka hupikwa kwa mtama au uwele, mazao yanayovumilia jua la Shinyanga kuliko mahindi. Wanzuki hutengenezwa kwa asali, maji na chachu, na hapo ndipo yalipo matatizo yake, maana nyuki hawajakubali kwamba asali ile imeuzwa. Hufika mapema kuliko wateja, hukaa ukingoni mwa jagi la plastiki, na hawafukuzwi kwa mkono. Wazoefu hufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja na kunywa kwa upande. Mgeni hupunga mkono, humwaga, huruka, na kuruka huko humwingiza kwenye janga la pili, yaani benchi.

Benchi la kilabuni ni ubao mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, na magogo hayo hayako mwishoni mwa ubao. Yako katikati kidogo. Wanaokaa humo wanategemeana. Aliyeko mwisho wa kushoto akinyanyuka ghafla kwa sababu ya nyuki, aliyeko mwisho wa kulia huteremka na kikombe chake. Kwa hiyo mtu mwenye adabu hutangaza: "Jamani, nanyanyuka," na wenzake husogea katikati. Mgeni hawezi kuijua adabu hiyo mpaka awe ameangusha mzee wa watu.

Mwenye kilabu huitwa mayo, yaani mama, hata na watu waliomzidi umri. Akishateka pombe huonja kwanza mbele ya mteja kabla ya kumpa, ili ionekane haina kitu. Mgeni asiyejua humwona mama mzima akinywa kinywaji chake, na hulalamika.

"Mama, hicho si changu?"

"Ni chako, baba. Nakuonyesha kwamba utaamka."

Jibu sahihi ni "Wabeja, mayo," yaani asante mama, na kupokea kwa mikono miwili.

Chibuku cha boksi kinahitaji maelezo yake. Kinywaji hiki cha kiwandani huendelea kuchachuka kikiwa ndani ya boksi, na machicha yake hutulia chini, kwa hiyo lazima kitikiswe kabla ya kunywewa. Namna ya kutikisa ndiyo elimu. Boksi bichi hutikiswa kwa nguvu bila madhara. Boksi lililokaa dukani siku kadhaa huwa limevimba mashavu, na hilo hugeuzwa taratibu juu chini, likitazamishwa mbali na watu. Mgeni aliyeambiwa "tikisa" bila kuambiwa la pili hulitikisa lililovimba kwa bidii ya mwanafunzi mwema, hufungua, na shati jeupe la safari huishia kuwa na rangi ya uji wa ulezi. Kwa ushahidi wa madobi wa mji, doa hilo ni dogo kuliko harufu yake.

Kutoka hapo ziara huhitaji gari, ingawa bado huitwa matembezi. Hiace ya Mwanza huwashusha Maganzo, nje ya mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliugundua mwaka 1940. Humo ilitoka almasi ya waridi ya karati 54.5 mwaka 1947, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Kituo hiki ni kifupi. Mgodi una uzio, na asiye na kibali haingii. Mwenyeji husimama nje na kueleza kwa mkono yaliyomo ndani, starehe za wafanyakazi zikiwemo, huku mlinzi akizidi kupendezwa na kundi la watu wanaonyoosha vidole kwenye uzio wa mgodi wa almasi. Inashauriwa maswali yaulizwe kwenye gari.

Kahama hupitwa upesi. Bulyanhulu ilianza kutoa dhahabu 2001, Buzwagi ikafuata 2009 na kuacha kuchimba miaka kumi na kidogo baadaye, na umri wa baa za Kahama unaweza kukadiriwa kwa kuuliza kama mwenyewe anazungumzia Buzwagi kwa furaha au kwa huzuni.

Geita ni habari nyingine. Mgodi wa zamani wa enzi za Waingereza ulifungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza 2000, hivyo mwenyeji mwenye uaminifu huruka miaka zaidi ya thelathini kwa pumzi moja. Historia iliyo hai iko kwa wachimbaji wadogo: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, na soko lao kubwa la Katoro. Panapotokea rashi, yaani dhahabu mpya ikasikika mahali, watu hufika usiku, na turubai la kinywaji huwa limesimama kabla choo hakijachimbwa. Huko, baa kongwe ni ile yenye matofali. Mgeni anayeuliza ilianzishwa mwaka gani huangaliwa kwa mshangao. Jibu la kawaida ni kwamba ilikuwepo kabla ya karasha la pili, yaani mashine ya kusaga mawe, kuletwa.

Tarehe za uhakika hupatikana ardhini. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa hiyo kifuko kidogo cha plastiki kinachofukuliwa chini ya benchi huonyesha, angalau kisheria, kwamba watu walikuwa wakinywa mahali hapo kabla ya siku hiyo. Hakuna ushahidi mwingine wa kiakiolojia katika fani hii ulio bora zaidi, na mwenyeji mzuri huwa na kimoja mfukoni kwa ajili ya tukio litakalokihitaji.

Hapo pia husimuliwa hadithi ya mchimbaji ambaye duara lake, yaani shimo lake, lilitema dhahabu, akafunga baa, akawanywesha wote na kunawa miguu kwa bia. Hadithi hiyo ipo kwenye kila machimbo, mhusika akiwa mtu tofauti, na kila mara msimulizi alikuwepo. Sehemu inayosahaulika ni ile ya wiki iliyofuata, mchimbaji huyo anapouliza kama kuna anayeweza kumkopesha nauli.

Bili hufanywa kwa chupa tupu. Mhudumu haondoi chupa mezani mpaka hesabu imalizike, maana ndizo ushahidi, na chupa ina amana yake, hivyo haibebwi kwenda nayo kiwanja kingine. Utaratibu huu ungekuwa mzuri kama meza zisingekuwa karibu karibu. Chupa za meza ya jirani zina tabia ya kuhamia pale penye mgeni, hasa mgeni anapokwenda kutafuta choo na kukikosa. Wazoefu huweka vizibo vyao mfukoni na kuvilinganisha na chupa mwishoni. Mwenyeji hufanya hivyo kwa niaba ya kundi, lakini kufikia kiwanja cha tano mfuko wake una vizibo vya Balimi, Safari na Serengeti vya tangu mwezi uliopita, na hesabu humgeukia.

Malipo ya mwenyeji hayatajwi. Hulipwa kwa ofa, kituo kwa kituo, na ndiyo maana maarifa yake hupungua kadiri ziara inavyosonga. Jengo la kwanza lilijengwa na Mjerumani, kwa maelezo kamili. Jengo la nne lilijengwa na Mjerumani au Mhindi. La sita lilijengwa na mjomba wake. Kutoka hapo ni heri mgeni aongoze, kwa sababu angalau anakumbuka jina la nyumba ya wageni.

Asubuhi ni supu ya mbuzi yenye pilipili na ndimu, na kwa wengine bia moja ya kuzimua. Asiyeruhusiwa hata hiyo moja ni kijana wa mgodini. Kwenye migodi mikubwa mfanyakazi hupuliza kipima ulevi getini kabla ya zamu, na kipimo hakijali kama kinywaji kilinywewa kwa ajili ya historia. Kikikataa, hurudishwa, na suala lake hupelekwa kwa mkuu wa idara. Mwenyeji hupata taarifa mapema kuliko mkuu wa idara. Humpigia kumpa pole, humwuliza kama leo basi ana nafasi, na kumkumbusha kwamba upande wa Mgusu hawakuufikia.