Mlango wa Kutokea
Kosa langu lilikuwa kutengeneza printa. Nilichomoa karatasi iliyokwama tu, ofisi nzima ikanitangaza fundi wa kompyuta. Jamaa aliyekuwa akiangalia seva alipoacha kazi, bosi akanikabidhi nenosiri kwenye kikaratasi. "Ni Linux tu hiyo," akasema, kama ananiachia funguo za stoo.

Nikaenda kwa wauza vitabu wa chini, Posta. Nikapata kinene, kinafundisha Red Hat Linux 9. "Broo, hapo umeokota, hata sidii yake ipo." Ipo kweli, ila laptopu yangu haina pa kuitia. Mwaka wa chapa nilikuja kuutazama usiku: 2003. Niliandika ifconfig nione mtandao, kama kilivyosema, seva ikajibu haiijui. Siku hizi ni ip. Kuwasha na kuzima huduma nako kumehamia systemctl. Nikawa kama mtu aliyekaa stendi ya zamani ya Ubungo na mabegi akisubiri basi la Arusha, kumbe wenzake walishahamia stendi ya Mbezi.

Rafiki akaniazima kitabu cha usimamizi wa mifumo cha Evi Nemeth na wenzake, chapa ya 2017. Kurasa zinapita elfu moja. Wajuzi wanakisifu na siwabishii, lakini kwangu mimi kimefaa kuinulia feni.

Mpwa wangu ndiye aliyenihurumia, akanirushia kwa WhatsApp kitabu cha William Shotts, The Linux Command Line. Mwandishi mwenyewe anaruhusu kukipakua bure, na mimi nimeshatoa hela yangu Posta! Kinafundisha amri ya ls, kinakwenda cd, polepole, kama mtu anayemfundisha bibi kutuma pesa kwa simu. Sasa sikia: mwanzoni kabisa kinasema chenyewe si kitabu cha usimamizi wa mifumo. Nikacheka peke yangu. Hata hivyo nilikishikilia, maana kila chenye neno "usimamizi" juu ya jalada kilinidhania nimeshafika.

Kinachoniudhi ni kwamba hao waandishi wote hufundisha kuingia. Usiku wangu wa kwanza niliandika man ls nisome maelezo ya amri hiyo. Nikaingia. Kutoka sasa! Nikabonyeza Escape, nikabonyeza Enter, nikaongea nayo kwa upole, mwisho nikazima skrini nikalala. Kumbe ni herufi q. Herufi moja! Na kwenye seva yangu nenosiri la sudo, amri ya kupata mamlaka ya msimamizi, ukiliandika halionekani, hata nukta. Ningeambiwa mapema nisingebadilisha kibodi mbili.

Kwa hiyo siku hizi kitabu chochote nikikishika naanza kutafuta q. "Mjomba, unatafuta nini humo?" muuzaji akaniuliza juzi. Nikamwambia mlango wa kutokea. Akanitazama kama mtu anayestahili kupunguziwa bei, ila hakupunguza.

Jana bosi akanikuta nimezama kwenye ukurasa wa arobaini. Akauliza seva inaendeleaje. Nikamjibu inapumua.

"Vizuri. Basi njoo mara moja, printa imekwama tena."