Safu ya Nguvu

Daftari nililinunua mahsusi. Nikachora safu nne: jina, rangi, ladha, nguvu. Jumamosi ile marafiki wangefika kwangu Karatu tuonje pombe kwa utaratibu, glasi ndogo ndogo na maji katikati, kama watalii wanavyoonja mvinyo kwenye hoteli za ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, ambako bia moja... bei tuiache.

Bia za chupa hazikunisumbua. Kilimanjaro asilimia 4.5, Safari 5.5, lebo imeshakufanyia kazi. Konyagi niliikata, si bia. Gongo vilevile, kwa kuwa sheria inaikataza na mwalikwa mmoja ni mtendaji wa kijiji. Buura, Wairaqw wanavyoiita pombe yao, jirani aliahidi kuileta. Ikabaki mbege, na mbege ninayoiamini mimi iko Mto wa Mbu, kwenye migomba.

Shemeji yangu akakubali kunipeleka kwa gari lake. Ameokoka. "Mimi naendesha tu, shemeji. Kikombe ni chako."

Mama muuzaji akanichotea kwa kata, kisha akanijazia kidumu. Mbege ni pombe ya kutafuna kidogo: ndizi mbivu zilizochemshwa zikaachwa zichache, uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewa la kutia uchungu. Nikauliza ina asilimia ngapi.

"Ya leo ni ya leo," akasema. "Ya kesho njoo uulize kesho. Na kifuniko usikikaze."

Nilikikaza. Shemeji alikuwa ametandika vitambaa vipya kwenye viti, nami namheshimu.

Sasa, mbege haiachi kuchacha eti kwa sababu imenunuliwa. Mto wa Mbu uko kama mita 950 juu ya usawa wa bahari, Karatu kama 1,500, na katikati ni kona za ukuta wa Bonde la Ufa. Kona ya kwanza kidumu kilinona. Ya tatu kilikuwa na mimba. Tulipofika pale watalii wanaposimama kupiga picha Ziwa Manyara, shemeji akaegesha, nikakipakata nikilegeze kidogo tu.

Kifuniko hakikulegea, kiliondoka. Mbege ikapiga dari, ikashuka, ikamchagua shemeji. Mimi nilipata matone mawili. Yeye alipata kichwa kizima, shati la kanisani na kitabu cha nyimbo mfukoni. Mtalii mmoja akageuza kamera, akaliacha ziwa.

Tukaondoka kimya. Baadaye shemeji akaanza kuimba wimbo wa toba, polepole. Sikuuliza ni toba ya nani.

Karibu na mjini, trafiki akatusimamisha.

"Bwana asifiwe, afande," akasema shemeji.

Afande akarudi nyuma hatua moja. Akaleta kipima ulevi, shemeji akapuliza: sifuri. Akapuliza tena: sifuri. Afande akamnusa shemeji, akakinusa kifaa, akakigongagonga kiganjani. Mimi niliyekunywa kata mbili nilikuwa nanukia sabuni.

Ndipo akaliona daftari mbele ya kioo. Akalifungua, akasoma taratibu, kidole kikishuka.

"Kilimanjaro umejaza. Safari umejaza. Hii mbege, mbona safu ya nguvu iko wazi?"

Shemeji akajifuta punje ya ulezi kwenye nyusi.

"Afande," akasema, "naomba kalamu, hiyo nijaze mimi."