Gunia la Mahindi Juu ya Mlango

Ukitaka kujua pesa za mwenye nyumba ziliishia wapi, usimuulize. Inua macho utazame gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa. Nyumba hupanda kutoka chini kwenda juu, na mfuko wa mwenyewe hushuka kwa mwendo uo huo. Msingi unachimbwa kwa maombi na soda, kuta zinainuka kwa mkopo wa chama, mabati yanawasili na watoto wa jirani wanashangilia. Kufika ukingoni mwa paa, zimebaki pesa za chai. Hata hivyo gata lina nafuu yake, maana linaonekana kutoka barabarani na mtu atajikaza alinunue. Mnyonge wa kweli ni braketi, kile kichuma kinacholishikilia. Sijawahi kusikia mgeni akisifu braketi za mtu.

Hapa Busia jambo hilo si dogo. Mvua yetu hujitayarishia ziwani. Asubuhi jua linakaanga lami, saa nane mchana wingu limeanza kukaa upande wa Samia, saa kumi radi imekata mazungumzo ya watu na maji yanamwagwa. Hakuna manyunyu ya kukupa nafasi ya kuanua nguo. Kuanzia Machi hadi Mei ndiyo hali, halafu tunapumzika kidogo na kuanza tena.

Sasa njoo kwenye hesabu, ambayo mafundi wengi wanaijua na wenye nyumba wengi hawataki kuisikia. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Upande mmoja wa paa wenye mita 10 kwa 4, ukipigwa mvua ya milimita 40, unashusha lita 1,600, na mvua ya namna hiyo kwetu yaweza kuisha kabla chai haijapoa. Gata la mita 10, lenye upana wa sentimita 10 na kina cha 10, likijaa pomoni lina lita 100. Lita 1 ni kilo 1. Gunia la mahindi ni kilo 90. Kwa hiyo mtu aliyetundika gata juu ya mlango wake ametundika gunia la mahindi na nyongeza juu, kisha anaingia na kutoka chini yake akipiga mluzi, na kinachomkinga ni misumari aliyoombea punguzo.

Jamaa zetu wa Osieko, kule ufukweni, hutucheka kwa haya. Wao wana Ziwa Victoria lote mbele yao. Lakini mwaka 2020, ziwa lilipopanda kuliko lilivyowahi kupimwa kabla ya hapo, rafiki yangu mmoja mvuvi aliniambia kwamba kwao maji hayana haja ya kupitia paani, yanapita mlangoni na kusalimia wenyeji. Nilinyamaza. Kuna watu huwezi kuwalilia habari za gata.

Malaba nako kuna kesi zake. Pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka, vumbi na moshi hukaa juu ya mabati miezi mizima, hata mvua ya kwanza ikija huteremsha kitu cheusi ambacho mwenye busara hakikingi, anakiachia mtaro. Niliwahi kupanga huko, vyumba vingi katika safu moja, gata moja na bomba moja la kushushia maji. Gata lilikuwa limeinama kwa mpangaji wa chumba cha mwisho, mama mmoja mfupi mwenye mapipa mawili makubwa. Wengine tulipata matone. Siku moja tulirudi jioni tukakuta gata limeinama upande wa pili. Kesho yake likawa limerudi. Hakuna aliyekiri, na ngazi ilikuwa moja tu, ya mwenye ploti, ambaye alikaa mbali. Vita hivyo viliendelea hadi braketi zikalegea zote, gata likakaa katikati bila kuinama kokote, na maji yakawa yanamwagikia mlango wa mtu asiyehusika, mlinzi wa usiku aliyekuwa akijaribu kulala.

Kaka yangu mkubwa alipojenga Mundika, fundi alimwambia wazi: braketi moja kila sentimita 60, kwa hiyo mita 10 zinataka braketi 17. Kaka akavua miwani.

"Fundi, unanitengenezea gata ama reli ya Malaba? Hizi ni braketi au mataruma?"

Fundi akashuka hadi 12. Kaka akapanda kutoka 4. Walikutana kwenye 6, wakapeana mikono, wote wawili wakiwa na furaha. Kwa kazi hiyo mtu angedhani fizikia nayo ilikuwepo kwenye kikao na ikakubali bei.

Gata lenyewe kaka alilifuata ng'ambo, Busia ya Uganda, alikosikia bei ni nzuri. Bei ya ng'ambo hupendeza zaidi kwa sababu ya sifuri nyingi: muuzaji akikuondolea elfu kumi unajiona umefanya biashara kubwa, kumbe kwa pesa za Kenya ni mia tatu na kitu. Vipande vilikuwa vya mita 4, na kwa mita 4 mpakani pana usafiri mmoja tu. Bodaboda ilizaliwa hapa hapa, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, kwa hiyo hakuna mzigo unaoweza kumshangaza mwendeshaji wa Busia. Vipande vikafungwa ubavuni mwa pikipiki kwa mipira, ncha ya mbele ikimtangulia mwendeshaji, ya nyuma ikifagia. Kila alipogeuka kumsalimu mwenzake, waliokuwa nyuma walisalimiwa na gata.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, maafisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi mahali pamoja, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 ana utaratibu wake mwepesi wa cheti cha asili ya bidhaa. Kaka alikuwa na karatasi zake zote. Afisa mmoja alizisoma, akalitazama gata kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuuliza kwa upole kama limeshaingia Kenya lote au bado kuna sehemu inakuja.

Nyumbani ndipo ilipobainika kwamba gata la ng'ambo lilikuwa la nusu duara, na braketi 6 zilizonunuliwa mjini Busia zilikuwa za mraba. Fundi hakushtuka. Fundi wa kweli hashtuki mbele ya mteja. Alizipiga braketi nyundo hadi zikapata umbo ambalo halikuwa mraba wala duara, akazipigilia kwenye fesha, ule ubao wa ukingoni, ambao ulikuwa wa siprasi iliyokatwa juzijuzi na bado ikitoa utomvu. Mbao mbichi hukubali msumari upesi sana. Zikishakauka, huuachilia upesi vilevile.

Ukabaki mteremko. Gata halitakiwi kukaa sawa, linatakiwa lishuke kama milimita 5 kwa kila mita, ili maji yajue njia. Kwa mita 10 hizo ni sentimita 5, upana wa vidole vitatu. Fundi alivuta uzi, akafunga jicho moja, akaweka vidole vyake vitatu. Kaka akaenda barabarani kutazama, akarudi amekasirika. Nyumba ilionekana imelewa, alisema, na yeye ni mzee wa kanisa. Akataka gata linyooke. Likanyooshwa. Fundi alikusanya vyombo vyake akiwa na sura ya mtu atakayeitwa tena.

Gata lililonyooka ni bwawa. Maji yalisimama humo, mbu wakafungua ukoo, majani ya mwembe yakaja kukaa. Halafu, baada ya mvua za kwanza za Aprili, kumbikumbi wakatoka. Kwetu huo ni msimu wa shangwe. Taa ya nje iliwashwa makusudi, watoto wakakaa chini na sufuria na beseni, na wadudu wakamiminika kwenye mwanga, wakiangusha mabawa kama ilivyo desturi yao. Kumbikumbi walikaangwa kwa chumvi, wakaliwa. Mabawa hayaliwi. Mabawa yalikwenda kwenye gata. Nilipokuja kuyaona kwa karibu yalikuwa yameshikana na majani na matope hadi mdomo wa bomba ukazibwa na kitu laini, cheusi, chenye kumetameta kidogo, ambamo kidole kiliingia lakini maji hayakupita.

Alasiri moja mvua ikashuka ilivyozoea, na gata likaanza kuinama katikati kama mgongo wa punda mzee. Kaka akapanda ngazi azibue. Mimi nilishika ngazi chini. Mara lango likafunguliwa, akaingia mama mkwe wake, ametoka Nambale bila taarifa, kikapu mkononi na kuku kwapani, anakimbilia baraza.

Asiye wa huku nimweleze. Kwa Waluhya, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakaribiani, na kila mmoja humpisha mwenzake njia. Hakuna mila inayoeleza mkwe afanye nini akiwa juu ya ngazi na mama mkwe amesimama chini ya miguu yake. Mama aliiona miguu, akaitambua, akageukia ukuta kwa heshima. Kaka naye akaulaza uso kwenye bati. Mimi, ndugu wa mkwe, nilitazama msumari mmoja na kuendelea kuutazama. Shemeji alikuwa jikoni, na kwa kelele za mvua juu ya mabati hata angeitwa kwa tarumbeta asingesikia.

Kushuka kaka hawezi, atakanyaga karibu na mama. Kuzibua hawezi, maji yote yatampiga mama. Kuacha hawezi, gata limejaa. Tukakaa hivyo, watu wazima watatu na kuku.

Braketi ya kwanza ilitoka kwa mlio mdogo: ta. Ya pili: ta. Ya tatu haikungoja zamu yake. Gata likafunguka upande mmoja na kumwaga kila lilichokuwa nacho, mabawa, majani na viluwiluwi vya mbu, ndani ya kikapu kilichokuwa na unga wa wimbi. Kuku ndiye aliyetangulia kuingia nyumbani.

Mama mkwe hakugeuka. Aliuambia ukuta, kwa sauti ya utulivu kabisa:

"Mwenye nyumba hii aambiwe ashuke polepole. Wale ng'ombe wetu bado wamebaki wanne."

Kaka alishuka polepole. Jumamosi alinunua braketi 17 za nusu duara bila kuomba kupunguziwa hata shilingi, na fundi akaruhusiwa vidole vyake vitatu vyote. Hao ng'ombe wanaendelea kujadiliwa.