Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, kuhusu ndege asiyepiga kura

Mheshimiwa Waziri,

Itifaki zote zikiwa zimezingatiwa, naanza kwa kuomba radhi. Najua meza yako imejaa mahindi, sukari na mbolea, na kwamba kabla ya barua hii kukufikia itakuwa imepita mikononi mwa wasaidizi na wasaidizi wa wasaidizi, kila mmoja akijiuliza kama ni halali kumsumbua Waziri kwa habari za ndege. Naomba radhi pia kwa kumleta ndege huyu Wizara ya Kilimo badala ya kumpeleka kwa mwenzako wa wanyamapori. Nitaeleza sababu ukiniruhusu. Na kwa kuwa huna nafasi ya kunikatiza, nachukulia kwamba umeniruhusu.

Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Mimi nitamwita kucha-ndefu, kwa ajili ya ukucha wake wa nyuma uliorefuka kupita kiasi, unaomfaa kutembea juu ya nyasi. Kifua chake ni cha manjano chenye michirizi, na mgongo wake ni wa kahawia iliyochanganyika na weusi, rangi ya nyasi kavu hasa, hata akitulia unaweza kupita hatua mbili tu kutoka alipo usimwone. Jamaa zake wengine wa humu nchini huvaa mkufu mweusi kifuani. Yeye hakupewa. Hata kwa mavazi, Mheshimiwa, si ndege wa kujikweza.

Anaishi Kenya tu. Vuka mpaka wowote unaoupenda, ukiwa na msafara au bila msafara, humpati. Hukaa kwenye nyasi za nyanda za juu, kuanzia kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari: Mau Narok na Molo, sehemu za Uasin Gishu, na zaidi ya kote Kinangop, ule uwanda ulio kati ya milima ya Nyandarua na ukingo wa Bonde la Ufa. Orodha ya kimataifa ya viumbe inamweka katika kundi la walio hatarini kutoweka, na idadi yake inaendelea kupungua.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo la nyasi, maana ndipo palipo kesi yenyewe. Kucha-ndefu hataki nyasi ndefu, kwa kuwa humo hawezi kutembea wala kuwinda panzi na mbawakawa anaowala. Hataki pia nyasi zilizonyolewa sare kama uwanja wa mpira. Anataka nyasi fupi, na katikati yake vishungi vya nyasi ngumu vilivyosimama hapa na pale. Kwenye nyasi fupi anakula. Chini ya vishungi anajenga kiota, pale pale ardhini, na kutaga mayai yake mawili au matatu. Kishungi kikiondolewa, kiota kinabaki wazi kwa kila mwenye jino na mdomo. Muchane Muchai, Luc Lens na Leon Bennun walilichunguza jambo hili Kinangop na kuchapisha matokeo mwaka 2002: penye nyasi fupi zenye vishungi ndipo ndege hawa wanapopatikana kwa wingi. Shamba likishalimwa, huhama. Na kwa kuwa si ndege wa safari ndefu, mahali pa kuhamia ni jirani tu, na kwa jirani nako kumelimwa.

Sasa tazama, Mheshimiwa, ni nani hutengeneza malisho ya namna hiyo bila kuagizwa na mtu. Ni kondoo. Kondoo hukata nyasi laini chini kabisa na kuviacha vishungi, kwa kuwa ni vigumu. Mfugaji wa ng'ombe wa gredi naye, kwa nia njema kabisa na mara nyingi kwa ushauri mzuri, huviona vishungi hivyo kuwa uchafu. Huving'oa au kuvichoma ili apande nyasi za kisasa.

Nyasi hizo zina historia yake. Mwaka 1904 Frederick Jackson, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyependa ndege, ndiye aliyemwandika kucha-ndefu katika vitabu vya sayansi. Mwaka huohuo Wamaasai walitiwa kwenye mkataba wa kwanza wa kuwaondoa Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi. Karatasi moja ilimpa ndege jina. Nyingine ilianza kuwaondoa watu ambao mifugo yao ndiyo iliyokuwa ikimtunzia nyasi. Walowezi nao walifuga, kwa hiyo ndege akaendelea kupata pa kukaa. Wakati wa Uhuru mashamba makubwa yakakatwa na kugawiwa watu, wengi wao wakiwa wameitolea jasho na damu ardhi hiyo, na mimi si mtu wa kuwaambia walikosea. Kisha ekari za baba zikagawiwa wana, na za wana zikagawiwa wajukuu. Mwenye ekari mbili na karo ya watoto watatu hawezi kufuga kondoo wa kutosha. Anapanda waru, yaani viazi. Aina ya Shangi hukomaa kwa miezi mitatu hivi, na gunia lina bei inayojulikana. Kando ya waru anapanda kabichi, na mpakani anapanda mikaratusi ya kuuza nguzo.

Hii ndiyo sababu sikwenda kwa mwenzako wa wanyamapori, ambaye namheshimu sana. Hifadhi ya Taifa ya Aberdare iko pale juu, kwenye milima hiyo ya Nyandarua, inaonekana kutoka Njabini hapa Kinangop. Imezungushiwa uzio wa umeme wa takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, na ndani yake tembo wametunzwa vizuri. Kucha-ndefu wa Kinangop yuko upande wa pili wa uzio, pamoja na sisi na waru wetu. Ardhi anayokanyaga ina hati miliki, na anayeamua kesho yake ni mama mwenye jembe, akiwa na simu mkononi inayomwambia bei ya soko.

Kwa huyo mama serikali yako imekuwa na ukarimu mkubwa. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ulishushwa hadi shilingi 3,500, na mwaka uliofuata ukafika 2,500. Tunashukuru, na natamka hivyo bila kejeli, kwa kuwa kabla ya hapo bei ilikuwa ya kutisha. Ila niruhusu kunong'ona kwamba kila shilingi ya ruzuku inalifuata jembe. Aliyeacha nusu ekari ya nyasi kwa ajili ya kondoo hana cha kupanga foleni akichukue. Kiuchumi, anaonekana kama mtu aliyelala.

Wapo waliojaribu kuziokoa nyasi hizo bila kukungoja, na naomba usiwachukie kwa haraka yao. Wakazi walijiunga na kuanzisha chama cha marafiki wa Uwanda wa Kinangop, na Njabini watu wakasokota sufu ili kondoo wawe na faida zaidi ya nyama. Shirika la Nature Kenya limenunua vipande vya ardhi na kuviacha vikiwa nyasi. Ni kazi nzuri, lakini huwezi kuununua uwanda mzima kwa michango ya wapenda ndege.

Ombi langu, basi, ni dogo, na kwa ukarimu wako huenda likaonekana dogo zaidi. Sufu ipewe mahali pa kukusanywa na mnunuzi wa uhakika, jinsi maziwa yanavyopewa. Maofisa wako wa ugani, wanapomfundisha mkulima kupanda nyasi za kisasa, wamwambie pia kwamba sehemu ya malisho ya kondoo inaweza kubaki na vishungi vyake. Na siku mnapoketi kuandika orodha ya wanaostahili ruzuku, mtu mmoja ainue mkono aulize kuhusu mwenye nyasi. Sihitaji awe wewe. Msaidizi wa msaidizi anatosha.

Ukipata nafasi, karibu Kinangop ujionee. Nakusihi tu, kwa heshima zote, uje na gari moja. Magari ya msafara huegeshwa kwenye nyasi fupi zenye vishungi kando ya barabara, na baada ya mvua hapo huenda pana mayai.

Wako mtiifu,
Mlipa kodi wa Kinangop

Nakala: Waziri wa Wanyamapori, kwa taarifa tu, asije akadhani nimemruka.