Namna ya Kufadhiliwa Mpaka Usahau Ulitaka Kutafiti Nini

Anza na swali unalolipenda. Tuseme umelelewa Tanga na mama yako ana sanduku la kanga. Hii alimjibia jirani, hii alimwombea radhi wifi yake, hii aliivaa siku baba aliporudi alfajiri akisema gari liliharibika njiani. Wewe unataka kujua jina la kanga hutungwa na nani, hupita mikono mingapi kabla ya kufika kiwandani, na kwa nini jina moja hugombewa Mombasa lakini Dar es Salaam likalala dukani. Unatamani kuanzia Mtaa wa Biashara, Mombasa, kwa Kaderdina Hajee Essak, yule wa "Mali ya Abdulla", ambaye alama yake mabibi wanaitambua bila hata miwani. Swali zuri sana. Liandike kwenye karatasi, ikunje, uiweke mahali salama. Hutaliona tena mpaka siku ya kutetea tasnifu, nalo litakuwa limekuja kukudai.

Sasa tafuta tangazo. Usihangaike na ubao wa idara. Pale hubandikwa yaliyokwisha muda, ili ijulikane kwamba yalikuwepo. Tangazo la kweli huja kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku, limetumwa na mtu uliyesoma naye kidato cha sita ambaye mwenyewe hataomba. Soma kwanza tarehe ya mwisho. Kama ni kesho, tulia, una muda kuliko wengi. Kama halina tarehe ya mwisho, nafasi ilishapata mwenyewe.

Pima sifa zako kwa unyoofu. Chevening ya Uingereza ni ya uzamili wa mwaka mmoja, kwa hiyo usiwapelekee habari za uzamivu. Bodi ya Mikopo mnajuana tayari: ndiyo inayokukata asilimia 15 ya mshahara kwa deni la shahada ya kwanza. DAAD, shirika la Wajerumani lililoanzishwa mwaka 1925, lina mpango wa kusomesha watu humuhumu Afrika, na kwa kawaida hutaka shahada yako ya mwisho iwe haijapita miaka sita. Basi hesabu. Mwaka mmoja ulisubiri cheti kichapwe. Miwili ulijitolea idarani ukisahihisha mitihani ya watu wengine. Mmoja uliuguza. Mmoja na nusu uliutumia kutafuta msimamizi ambaye hajasafiri. Ukimaliza kujumlisha utakuta umebakiwa na miezi sita, na tangazo hutoka mara moja kwa mwaka.

Omba udahili. Chuo kitataka kujua nani atalipa ada. Mfadhili atataka kwanza barua ya udahili. Usiulize yupi anaanza. Waliouliza bado wako koridoni. Wenzako huandika "binafsi" kwenye fomu ya chuo na "nimeshadahiliwa" kwenye fomu ya mfadhili, siku moja, kwa kalamu moja, kisha wanaomba Mungu ofisi hizo mbili zisije zikapigiana simu. Hilo lisikunyime usingizi. Ofisi ya udahili na ofisi ya uhasibu ziko ghorofa moja na hazijawahi kupigiana.

Andika andiko. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo kanga huvuliwa. Mfadhili hana ugomvi na kanga. Fungu lake tu ni la mambo mengine. Malengo ya Maendeleo Endelevu yako 17, muda wake unaisha mwaka 2030, na pesa zako zimejificha ndani ya mojawapo. Nenda taratibu. Rasimu ya kwanza iite "Utungaji wa Majina ya Kanga katika Pwani ya Afrika Mashariki". Msimamizi ataisoma kwenye simu akiwa foleni ya Ubungo, akuulize, "Jinsia iko wapi?" Ongeza wanawake. Walikuwemo tangu mwanzo, ila hawakuwa kwenye anwani. Hilo ni lengo la 5. Rasimu ya pili itaulizwa habari za uchumi. Ingiza matumizi na uzalishaji, lengo la 12. Rasimu ya tatu itakutana uso kwa uso na tangazo lenyewe, nalo linataka tabianchi, lengo la 13, na usiku huo hutalala, utakuwa unatafuta kanga yenye jina linalotaja mvua. Utaipata. Pwani yetu haijawahi kukosa mvua wala mafumbo.

Kukicha, anwani itasomeka hivi: "Mchango wa Maandishi ya Kanga katika Kujenga Ustahimilivu wa Wanawake wa Pwani dhidi ya Mabadiliko ya Tabianchi". Sasa itafsiri yote kwa Kiingereza, kwa sababu wanaopima andiko kuhusu Kiswahili huenda hawakisomi. Neno "jina" litakusumbua, kwani kila tafsiri utakayojaribu itamfanya msomaji adhani kanga ilibatizwa. Liite ujumbe, upate alama. Pindo na mji wa kanga vitoe kabisa, havina bajeti. Na kwa hali yoyote ile, mama asiione anwani hiyo.

Kusanya vyeti. Kila kimoja kitolewe kopi steshenari, kipelekwe kwa wakili, kigongwe muhuri. Wakili hatakisoma, atahesabu kurasa. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema "Saidi" na cha kidato cha nne kinasema "Said", utahitaji hati ya kiapo kwamba wewe ni wewe. Kisha lipia IELTS, mtihani wa kuthibitisha kwamba unajua Kiingereza, lugha uliyofundishiwa tangu kidato cha kwanza. Matokeo yake hutambuliwa kwa miaka miwili. Baada ya hapo huhesabiwa kwamba Kiingereza kimekutoka.

Tafuta wadhamini watatu wa kukuandikia barua, na mmoja wao awe profesa mwenye jina. Usimwendee mikono mitupu ya maneno. Kwanza shikamoo, kisha hali ya nyumbani, kisha mechi ya juzi, kama una hakika yuko Simba au Yanga, na ukishashika kitasa cha mlango kana kwamba unaondoka, ndipo utaje barua. Atakubali papo hapo. Kukubali ni jambo moja na kuandika ni jingine. Atakwambia, "Andika wewe mwanangu, niletee nisaini." Sasa kazi ipo. Jisifu kwa sauti ya mtu wa miaka sitini na tano aliyechoka. Jitaje kwa "huyu kijana". Weka kasoro moja ndogo, kama vile kupenda kazi kupita kiasi, ili ionekane ni barua ya kweli. Mimi niliwahi kuandika kwamba nina "nidhamu isiyo na kifani" katika barua iliyosainiwa na mtu mwingine. Nikanyimwa, na wiki nzima nikamwonea huruma yule kijana aliyesifiwa vile bure.

Bado hujamaliza. Mfadhili atamtumia profesa kiungo kwenye barua pepe ya chuo. Ya Yahoo haikubaliki. Nywila ya barua pepe ya chuo anayo katibu muhtasi, na katibu muhtasi yuko likizo ya uzazi. Mpelekee mtoto zawadi. Profesa mwenyewe usimkumbushe zaidi ya mara mbili, kwa kuwa ndiye atakayesahihisha tasnifu yako.

Usaili ni mfupi, wa mtandaoni. Kaa karibu na dirisha, uwe na bando la akiba kwenye simu ya dada. Wataulizia matokeo ya utafiti ambao hujaufanya. Yataje.

Ukipata, nyamaza. Habari zikifika Tanga kwamba umepewa pesa za Wazungu, kadi za mchango wa harusi zitakuja kwa mkupuo, na hakuna shangazi atakayekuelewa ukimwambia pesa zenyewe zimekwama. Zimekwama kweli. Zimefika benki, zimeingia akaunti ya chuo, zinasubiri saini ya mtu aliyekwenda Dodoma kwenye kikao. Posho ya Oktoba ipange kama ya Februari. Mwenye nyumba hapangi hivyo.

Omba vibali. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ya mkoa huenda wilayani, ya wilaya kwa Mtendaji wa Kata, ya kata kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ni mjomba wako na alijua unakuja tangu Jumapili. Zanzibar wana kibali chao. Mombasa utahitaji cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, na huko kanga inaitwa leso, kwa hiyo ukibadilisha fedha mpakani badilisha na neno. Piga kopi kila barua. Moja itabaki kwa mlinzi.

Kisha kusanya risiti, na kwa heshima yote nakuomba usome aya hii mara mbili. Bibi hafungui sanduku la kanga mbele ya mgeni aliyekaa na kalamu. Hulifungua baada ya chai, vitumbua, na maswali kumi na mawili kuhusu ukoo wako. Mfadhili halipii chai. Iite "viburudisho vya washiriki", naye atalipa, ila kwa risiti, na mhasibu wa chuo anaitaka ya mashine ya EFD. Mama wa vitumbua ana sufuria na karai, mashine hana. Dereva wa bodaboda ana simu na kofia. Mwishowe utagharamia vitumbua vyote kutoka kwenye posho ambayo haijaja, na katika ripoti utaeleza kwamba mabibi thelathini walihojiwa kwa saa mbili mbili bila hata mmoja kunywa kitu. Hakuna atakayeshangaa. Ripoti zote za idara zinasema hivyo.

Kuhusu muda, kila mtu anajua kwamba uzamivu hauishi kwa miaka mitatu, na mkataba utakaopewa ni wa miaka mitatu. Saini. Hapo si mahali pa kuanzisha mjadala.

Siku ya kutetea, piga suti pasi, ufike mapema, uwasalimie watu wote kuanzia mfagiaji. Mtahini wa nje atafungua ukurasa wa kwanza, avue miwani, akuulize kwa upole kabisa, "Kwani kanga na tabianchi vinahusiana vipi? Mbona hukutafiti tu majina yanavyotungwa?" Usicheke, usilie, wala usitaje mfadhili. Sema, "Ahsante Profesa, nimelipokea," uliandike kwenye karatasi na kuikunja. Utapewa miezi sita ya marekebisho. Posho yako ya mwisho iliingia Juni mwaka juzi.