K.n.y. Rais wa Marekani

Fedha za matairi ndizo zilizozua yote. Hapa Columbus, Ohio, baridi ikishapiga hodi, mwenye gari na akili hununua matairi ya theluji. Mimi nina gari. Mwezi wa Novemba Mama Salma alinihesabia dola 350 mkononi, akasema, "Baba Salma, matairi." Nikaitikia, "Matairi." Wiki mbili baadaye tarishi akaleta bahasha pana, iliyokazwa kwa maboksi magumu mbele na nyuma. Tairi haliingii katika bahasha.

Ndani mlikuwa na ngozi.

Nijitetee kabla sijahukumiwa. Ugonjwa wa kukusanya saini za wakubwa wa Marekani una wagonjwa wengi, na matajiri wao hawashikiki. Hao huwinda saini za wote 56 walioweka mkono kwenye Azimio la Uhuru la 1776, wakafika kwa Button Gwinnett wa Georgia wakakwama, kwa kuwa yeye alipigwa risasi katika pambano la bastola mwaka 1777 akafa, na saini alizoacha ni adimu kama maziwa ya kuku. Wengine humsaka William Henry Harrison, aliyeingia ikulu Machi 1841 na mwezi mmoja baadaye akatolewa kwa jeneza. Karatasi alizotia saini akiwa rais ni chache mno, na bei yake ni ya nyumba. Mimi mfuko wangu unaishia kwa Martin Van Buren, rais wa nane, ambaye Wamarekani wenyewe wengi hawamkumbuki.

Nilikuwa na sababu zangu. Kwanza, Van Buren alizaliwa kijiji cha Kinderhook, jimbo la New York, kwa watu waliosema Kidachi nyumbani. Kiingereza alijifunza baadaye, kama mimi. Pili, na hili ndilo lililonimaliza, ni yeye aliyepelekewa zawadi na Seyyid Said wetu wa Unguja. Mwaka 1840 merikebu Sultana iliingia New York chini ya uongozi wa Ahmad bin Na'aman, imesheheni tende, karafuu, kahawa na pembe za ndovu, na pamoja na bidhaa hizo farasi wawili wa Kiarabu, lulu na mafuta ya waridi kwa ajili ya rais. Katiba yao inamkataza rais kupokea zawadi ya mfalme bila ridhaa ya Bunge. Maskini Van Buren akabaki anawatazama farasi kwa macho tu, hadi wakauzwa na fedha zikaingia hazina ya serikali. Mtu aliyenyimwa farasi wa kwetu, niliona angalau nimpe nafasi ukutani kwangu.

"Ukutani," alisema Mama Salma, akiigeuza ile ngozi huku na huku. "Na gari tulivishe nini? Hii?"

Aliyeniokoa siku ile ni mama mkwe, aliyekuwa ametoka Unguja kuja kutuona na kukutana na baridi ambayo hakuna aliyemwambia ukweli wake. Alikuwa ameketi jikoni karibu na jiko, koti juu ya baibui na kanga mbili juu ya koti. Akanyoosha mkono, akapewa ngozi, akaipapasa kwa kidole gumba kama anayepima kanga dukani.

"Hii hati ya shamba," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Sasa shamba liko wapi?"

Ikabidi nimweleze. Zamani zile serikali ya Marekani iliuza ardhi kwa dola moja na robo kwa ekari, na shamba la kawaida lilikuwa la ekari 80, yaani dola 100. Mkulima alilipa katika ofisi ya ardhi iliyo karibu, yangu ilikuwa ya Chillicothe, mwendo wa saa moja kutoka hapa kwa gari lenye matairi. Kisha akasubiri, pengine miaka, hadi hati ije kutoka Washington ikiwa imeandikwa juu ya ngozi, ina muhuri wa karatasi pembeni na jina la rais chini. Hati haitaji mto wala mti. Inasema: nusu ya mashariki ya robo ya kusini-mashariki ya kipande namba fulani.

"Nusu ya robo," akarudia mama mkwe. "Na mtu akipotea aulizie nini? Hapana hata mwembe?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia pia kwamba shamba silo langu, lina wenyewe, na mimi nimenunua hati tu. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa ile heshima ya mkwe isiyoruhusu neno kutoka, halafu akageukia chai yake. Kwa binti yake alikuwa na uhuru zaidi. Usiku nilimsikia chumbani akiuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kama mkwewe ametapeliwa.

Balaa la pili nililileta kwa mikono yangu. Hati ilikuwa imekunjwa mara nne kwa miaka zaidi ya 180, na kila nikiiweka kwenye fremu ilijikunja kama mtoto asiyetaka kuoga. Jumamosi, Mama Salma akiwa kazini, nikatoa pasi. Nilikuwa na tahadhari zangu: moto wa hariri, kitambaa cha pamba juu, mvuke kidogo. Mama mkwe akaniona nikitandika meza.

"Mwanangu, hiyo si ngozi?"

"Ngozi, Mama, ila ni ya kuandikia. Imetengenezwa."

"Ngozi ni ngozi," akasema. "Wapigaji wetu wakitaka ngoma ilie, huipasha wapi?"

Laiti ningejibu lile swali kabla ya kushusha pasi. Wapigaji huipasha ngoma motoni ili ngozi ikaze. Ngozi yangu ilikaza. Kona ya chini kushoto ilijikusanya mbele ya macho yangu, ikawa ngumu na ya manjano kama ukucha, na harufu ikapanda. Wanaojua kichwa cha mbuzi kinavyobabuliwa kabla ya supu hawahitaji maelezo. King'ora cha moshi kikaanza kulia. Salma na mdogo wake wakashuka ngazi mbio, na yule mdogo, mwenye miaka sita na tumbo lisilojua huzuni, akauliza, "Leo supu?"

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufungua dirisha. Theluji ikaingia jikoni. Hakusema kitu. Alichukua pasi mkononi mwangu, akaichomoa ukutani, akaiweka juu ya kabati, mahali anapoweka vitu visivyofaa watoto.

Jina la rais lilikuwa zima. Hilo ndilo lililonipa pumzi. Moto haukufika pale, na wino wake wa rangi ya kahawia iliyoungua ulikuwa umelala kwenye ngozi kwa madaha, herufi kubwa, zimeinama kulia. Nikamwita Salma anishikie taa nipige picha. Salma ana miaka 12, na macho yake hayajachoshwa na chochote.

"Baba, na hii ndogo ya chini?"

"Ipi?"

"Hii. Inasema 'By M. Van Buren Jr.'"

Mimi ile mistari midogo nilikuwa nimeihesabu kuwa ni pambo.

"Jr. ni mtoto," nikasema taratibu.

"Mtoto wa nani?"

"Wa rais."

"Sasa rais mwenyewe katia saini wapi?"

Hapakuwa na "wapi". Usiku ule nilisoma hadi macho yakauma, nikajua nilichopaswa kujua kabla ya kutoa dola 350. Marais wa mwanzo walitia saini kila hati ya ardhi kwa mkono wao. Nchi ikapanuka, wanunuzi wakafurika, na hati zikarundikana kwa maelfu zikingoja mkono wa Andrew Jackson. Tarehe 2 Machi 1833 Bunge likapitisha sheria kwamba rais awe na katibu wa kumwandikia jina lake kwenye hati hizo. Jackson akamtumia mpwa wa mkewe, Andrew Jackson Donelson. Van Buren, aliyeingia mwaka 1837, akamtumia mwanawe, aliyeitwa Martin kama yeye. Kijana aliandika jina la baba kwa herufi kubwa, kisha chini yake, kwa unyenyekevu, akaandika kwamba ni yeye. Hakumdanganya mtu. Hata aliyeniuzia hakunidanganya. Alisema hati ina jina la rais, na jina lilikuwapo. Mimi ndiye niliyesoma "jina" nikaelewa "mkono".

Asubuhi nilikiri mezani. Mama Salma hakucheka, na hapo ndipo nilipojua nimeumia. Aliyesema ni mama mkwe, ambaye kwa Kiswahili chake cha Unguja haiiti saini bali sahihi. "Kwa hivyo," akasema akichovya mkate katika chai, "umenunua sahihi isiyo sahihi."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi niligeuka mpelelezi. Nikasoma habari za Robert Spring wa Philadelphia, ambaye katika karne ya 19 alighushi hati za George Washington na kuzizeesha karatasi zake kwa kahawa. Nikasoma habari za Joseph Cosey, anayesimuliwa kuwa aliiba hati halisi yenye saini ya Benjamin Franklin katika Maktaba ya Bunge, akaipeleka kwa mfanyabiashara, akaambiwa ni ya bandia. Cosey akaona heri aghushi mwenyewe, na zake zikanunuliwa. Nikajua kwamba saini nyingi za John Kennedy ziliwekwa na makatibu wake au na mashine, na kwamba mwaka 2011 Barack Obama akiwa Ufaransa sheria ilitiwa saini Washington na mashine ya namna hiyo kwa idhini yake.

Zaidi ya yote nilijifunza kutazama. Mwenye saini huandika bila kufikiri, kalamu inakimbia, na mkia wa herufi ya mwisho unakuwa mwembamba kwa sababu mkono umekwisha kuondoka. Mwenye kughushi huchora. Anasita, ananyanyua kalamu katikati ya herufi, na mkia wake unakoma butu. Na hakuna mtu anayetia saini mbili zinazolingana sawasawa. Ukizipachika dirishani moja juu ya nyingine zikaingiana kama vifuniko, hiyo ni mashine au ni mwizi.

Nilihitaji saini za kujifunzia. Juu ya friji kuna faili jekundu la karatasi za shule ya watoto: ruhusa za safari, ripoti, fomu za bima. Zote zina saini yangu. Nikachukua 11, nikazipeleka kwenye dirisha la jikoni, nikaanza kuzipachika mbili mbili dhidi ya mwanga wa theluji.

Zilifanana mno. Herufi ya kwanza ilikuwa na tumbo zuri la duara ambalo mkono wangu haujawahi kulichora. Mikia yote ilikoma butu. Kwenye ile ya Septemba kalamu ilinyanyuliwa mara mbili katika jina la baba yangu. Kati ya karatasi 11, yangu ilikuwa moja.

"Salma!" niliita, kwa sauti ya hakimu.

Salma alikuja, akatazama dirisha, akatazama kidole changu, kisha akamtazama mama yake. Mama Salma alikuwa anakata vitunguu. Hakuacha kukata.

"Mwache mtoto," akasema. "Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu chekechea. Baba Salma, hizo karatasi zinakuja Alhamisi zinatakiwa Ijumaa. Wewe Alhamisi uko zamu ya usiku. Ijumaa umelala. Ningekungoja wewe, huyu mtoto angeyajua makumbusho kwa kuhadithiwa."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia. Mwaka juzi. Ukasema, 'Niandikie wewe.'" Akakusanya vitunguu kwa kisu, akavitia kwenye sufuria. "Na hiyo moja iliyo yako, unaikumbuka? Ya Oktoba?"

Niliikumbuka. Niliitia saini juu ya usukani, nikingojea taa ziwe za kijani.

"Shule walinipigia simu," akasema Mama Salma. "Wakaniuliza nani kaghushi saini ya mume wangu."

Mama mkwe alijifunika kanga usoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na heshima yote ya mkwe ikaisha hapo hapo jikoni, mbele ya wajukuu. Alipopata sauti akasema, "Kumbe na wewe ni rais," akaanza tena.

Hati sasa iko ukutani, kona yake ya manjano imefichwa nyuma ya fremu. Matairi tulinunua Januari kwa fedha za Mama Salma, baada ya gari kujipeleka lenyewe hadi kwenye boksi la barua la jirani. Mama mkwe aliporudi Unguja alitaka nimpigie picha akiwa amesimama kando ya hati, akawaonyeshe wenzake mtaani Ng'ambo shamba la mkwewe la Marekani. Sikumsahihisha.

Alhamisi iliyopita ikaja karatasi nyingine ya safari. Kwa mara ya kwanza Mama Salma ndiye aliyekuwa na zamu ya usiku. Nikaketi mezani na kalamu. Niliandika jina langu taratibu, nikaipa herufi ya kwanza tumbo la duara kama anavyolichora yeye, ili shule wasipige simu. Nikaitazama. Halafu chini yake, kwa herufi ndogo, kama kijana wa Van Buren, nikaandika: k.n.y. Mama Salma.