Fimbo ya Wazee Ndani ya Saraka ya Mipangilio

Popote kompyuta zilizokwisha kutumika zinapofufuliwa kwa mfumo wa Linux, ambao hauna leseni ya kununua, iwe ni katika chumba cha TEHAMA cha shule huko Nyamwaga au katika steshenari ya Mugumu, hakuna jambo linalomdhalilisha mtu mzima kama kuambiwa na mashine aliyoipangusa vumbi kwa mikono yake mwenyewe kwamba hana ruhusa.

Utaratibu huo wa ruhusa Linux iliurithi kutoka Unix, mfumo ulioasisiwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, na amri ya chmod, yaani ile ya kubadili ruhusa, ilikuwamo tangu toleo la kwanza la 1971. Kila faili ina mwenyewe, ina kundi, na ina wengine waliobaki. Nao hupewa au kunyimwa haki ya kusoma, inayohesabiwa 4, ya kuandika, inayohesabiwa 2, na ya kutekeleza, inayohesabiwa 1, hivyo mwenye 7 ana zote. Mkurya wa maeneo hayo aliyekulia penye zizi hahitaji darasa refu hapa, kwa kuwa saraka, ambayo wengi huiita folda, ni zizi hasa: kusoma ni kuyajua majina ya ng'ombe waliomo, kutekeleza ni kupita langoni, na kuandika ni kuingiza au kutoa mfugo. Ndiyo maana mwenye saraka anaweza kuifuta humo faili ya mtu mwingine ambayo hata kuisoma haruhusiwi, sawa na mwenye zizi anavyoweza kumtoa nje ng'ombe wa jirani ingawa hana haki ya kumuuza.

Saraka ya mipangilio, iitwayo .config na kufichwa kwa ile nukta ya mwanzo, ndimo programu zinamohifadhi mazoea ya mtumiaji, kama vile lugha, ukubwa wa herufi na printa aliyoizoea. LibreOffice, programu ya kuandikia hati na mzao wa ile iliyotolewa kwa Kiswahili mnamo Desemba 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikinyimwa kuandika humo hukataa hata kufunguka.

Nani huinyima? Kwa kawaida ni mlalamikaji mwenyewe. Juu ya watumiaji wote ipo akaunti ya root, ambayo amri zake hazipingwi, mfano wa inchama, lile baraza la siri la wazee wa Kikurya. Na programu ya sudo, iliyobuniwa Marekani yapata 1980, humwazima mtumiaji wa kawaida fimbo ya wazee hao kwa shughuli moja tu. Mwalimu anayeharakisha kuchapa mitihani huiazima ili kufungua LibreOffice, jambo lisilohitaji mzee yeyote, na katika Ubuntu za kabla ya toleo la 19.10 sudo iliacha saraka ya nyumbani ikiwa ileile ya mwalimu, kwa hiyo faili zote zilizozaliwa humo dakika hiyo zikawa mali ya wazee. Kesho yake anarudi bila fimbo na kuzuiwa mlangoni pake. Mwandishi wa insha hii hana haki ya kumcheka, kwa sababu ambazo hazitatajwa.

Msiba wenyewe huanza kwenye tiba. Fundi yuko Tarime mjini, barabara ni tope la masika, na nauli ya bodaboda inakaribia bei ya kipanya kipya. Basi hutokea mjuzi wa jirani akashauri chmod 777 kwa kila kilichomo katika saraka ya nyumbani, amri inayompa kila mtu kila kitu, jambo ambalo ni sawa na kung'oa ua wa zizi kwa sababu lango limekwama. Hapo ssh, programu ya kuingilia seva kutoka mbali, huukataa ufunguo wa siri kwa hoja kwamba uko wazi mno, na yule aliyekuwa analia kwa kukosa ruhusa hugeuka kulia kwa kuzidishiwa. Akiendelea kwa hasira na kuielekeza amri hiyo kwenye mfumo mzima, hufuta pia alama ya setuid, ambayo Ritchie aliipatia hataza mwaka 1979 na ambayo ndiyo huipa sudo nguvu za root, hivyo sudo nayo hugoma na fimbo ya wazee huvunjikia mkononi mwa mwazimaji.

Kwa hiyo msomaji ambaye sasa hivi yuko mbele ya mashine iliyogoma anaombwa aandike kwanza ls -laR ~/.config na kuyasoma majina ya wenye mali, kisha, penye jina la root, aiazime fimbo ya sudo mara moja tu na kuirudisha mali kwake kwa chown, amri ya kubadili umiliki, na chmod aiache ilale.